Duka Lililoshonewa Begani

Katika miaka thelathini na moja ya ufundi, Bi Pindo alikuwa ameshona kila kinachoshoneka: suti, magauni, mapazia, foronya, majoho ya mahafali, hata kifuniko cha kinanda. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni mdomo wa wifi yake.

Jina la Bi Pindo alipewa na wateja, kwa sababu nguo yoyote iliyoingia kwake ilitoka na pindo lililonyooka kama mstari wa rula, hata kama ilipelekwa kuongezwa kifungo tu. Pindo lililolegea lilimwasha kama upupu. Aliwahi kumwona mtu asiyemjua kwenye foleni ya benki, suruali imefumuka nyuma, akapiga magoti, akachomoa sindano aliyoichomeka kwenye kola ya gauni lake na kuanza kazi palepale. Foleni ilisogea, mtu yule akasogea nayo, na Bi Pindo akamfuata kwa magoti mpaka dirishani kwa keshia.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la biashara la ghorofa nne. Dari ilikuwa ngazi zenyewe, ikishuka kwa mshazari, hivi kwamba mlangoni alisimama wima, kwenye cherehani akakaa, na kule mwisho penye mifuko ya vitambaa ni paka tu ambaye angeingia bila kuinama. Dirisha hakuna. Wapandaji aliwajua kwa visigino vyao: wakili wa ghorofa ya pili alikanyaga kama anayegonga muhuri, na fundi simu wa ghorofa ya tatu aliruka ngazi mbili mbili, chaki zikicheza mezani.

Lakini alikuwa na duka jingine. Hilo lilikuwa na madirisha matatu yanayotazama barabara, meza ya kukatia ndefu kama ya karamu, mafundi sita wasiojua kuchelewa, na ukuta mzima wa rola za vitambaa zilizopangwa kwa rangi, kuanzia nyeupe ya maziwa hadi nyeusi ya lami. Duka hilo lilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta. Alilijenga kwa miaka miwili, nusu saa kila jioni baada ya kuosha vyombo, mteja mmoja baada ya mwingine. Unaanza na sindano moja na sanduku la mbao la kukalia. Anakuja mteja, unampima, unakata, unashona. Akipendeza, kesho anarudi na shangazi yake. Siku alipoweka dirisha la kwanza, Bi Pindo aliinuka kwenye kiti akazunguka sebule nzima akipiga makofi, na mumewe, mpima ardhi mstaafu, akauliza kama kuna mtu amezaliwa.

Aliyemwonjesha mchezo huo ni wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alikuwa mpokeaji wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na kati ya jino na jino alicheza. Michezo yake yote aliinunua kwenye duka kubwa la mtandaoni, lile lenye maelfu ya michezo, ambako punguzo haliishi, na likiisha linaanza jingine. Alikuwa nayo mia moja na arobaini. Alikuwa amefungua kumi na mmoja.

"Mingine ya nini?" Bi Pindo alimuuliza.

"Ilikuwa bei rahisi," wifi akasema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

Bi Pindo alipotaka mchezo wa kwake, aliona maandishi madogo chini kabisa ya skrini ya wifi: kwamba mchezo umetengenezwa na watu wawili, dada mmoja na kaka yake, na anayependa anaweza kuununua kwao wenyewe, kwenye tovuti yao. Basi. Habari za duka kubwa zikamtoka kichwani.

Wifi alijaribu kumrudisha njiani. Alimweleza kwamba duka kubwa linakutunzia mali yako: hata kompyuta ikiungua, unaingia kwenye nyingine kwa neno lako la siri na unakuta kila kitu kinakusubiri. Toleo jipya likitoka linajishusha lenyewe. Mchezo usipokupendeza unarudishiwa chako. Kwa watengenezaji utapewa faili na namba ya kuifungulia, kisha kila mtu na lwake. Ni sawa na mtu anayetaka maziwa, akaacha kwenda dukani akaenda kumtafuta ng'ombe.

Bi Pindo alisikiliza yote huku akikata kitambaa. Kisha akamkumbusha zile sare za shule. Kwa miaka minane alilishonea sare duka moja kubwa la nguo. Kwamba duka lilijimegea fungu lake kabla yeye hajaonja lake, hilo alilizoea. Lililomuuma ni lebo. Kila shati lilitoka mikononi mwake na kupigwa lebo ya duka, na asubuhi moja alipishana barabarani na watoto kama hamsini waliovaa kazi yake, kola zimekaa kama zimechorwa, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba yeye yupo duniani.

"Kitu kikishonwa, kuna mikono, wifi," akasema. "Mimi nataka kuiona mikono."

"Utaiona. Itakuwa inakupungia kwaheri na hela yako."

Alinunua kwa dada na kaka. Saa moja haijapita, ikaja barua pepe. Dada ndiye aliyeandika. Alimshukuru, akasema wengi wananunua dukani, nao wanawashukuru, lakini mezani kwao wana kengele ya baiskeli, na kila mtu anaponunua kwao moja kwa moja wanaipiga. "Wewe ni wa ishirini na tatu," barua ilisema. "Kaka ameshaipiga."

Bi Pindo alisoma barua hiyo kwa mumewe, kwa wakili, kwa fundi simu, na mara mbili kwa mteja aliyekuwa amesimama na pini mwilini asiyeweza kukimbia.

Kisha akawaandikia malalamiko. Maana mchezo ulikuwa mtamu, ila cherehani yake ilikuwa na kasoro iliyomnyima raha. Uzi ulitoka kwenye kibiringo ukaenda moja kwa moja kwenye sindano, bila kupita kwenye ule mkono wa juu unaopanda na kushuka. Aliwaeleza kwa upole, mwanangu hivi, mwanangu vile, kwamba cherehani iliyotungwa namna hiyo haishoni. Inakula uzi na kutapika kiota cha ndege chini ya kitambaa. Aliwachorea kwa chaki kwenye karatasi ya kukatia, akaishika mlangoni pa kibanda chake chini ya ngazi, na fundi simu akampiga picha nayo. Dada alijibu kwamba watu elfu kadhaa wamecheza mchezo huu na hakuna aliyewahi kuona, na je, Bi Pindo anaweza kuwatumia nakala ya duka lake, wapate kuangalia jinsi fundi wa kweli anavyocheza? Alituma. Ilimchukua jioni tatu na ugomvi mmoja na mumewe. Hiyo ilikuwa mwaka uliopita. Walishukuru, kengele wakaipiga tena ingawa hakununua kitu, na habari ikaishia hapo.

Sasa ni lazima niseme kwa nini duka hilo lilikaa kwenye flashi. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa ya mumewe, na mumewe alikuwa na ugonjwa wa usafi. Kila mwisho wa mwezi alifuta kila asichokitambua, kama vile kompyuta ni shamba na yeye anapalilia. Mara moja alifuta picha zote za harusi ya mpwa wake akidhani ni matangazo. Hivyo Bi Pindo aliweka mchezo na duka lake kwenye flashi moja, akacheza kutoka humohumo, na akimaliza aliichomoa akaenda nayo. Asubuhi ilikwenda kazini, jioni ilirudi.

Na kwa kuwa hakuweza kubeba kitu kitupu bila kukivika, aliishonea mfuko. Alikuwa na sponji moja ya bega iliyobaki peke yake, ile mito midogo yenye umbo la nusu mwezi inayowekwa ndani ya koti ili mabega yasimame. Mwenzake alipotea. Akaipasua tumboni, akaingiza flashi, akaifunga kwa mishono miwili ya kufumuka upesi. Ilikaa humo kama kifaranga ndani ya yai. Kazini mfuko huo ulikaa mezani kati ya chaki na mikasi, na jioni aliutia kwenye aproni. "Hata ikianguka kutoka ghorofa ya nne," alimwambia wifi, "itaamka na kujikung'uta."

Ijumaa ile mwalimu wa udereva alikuwa anachukua koti lake saa tisa. Lilikuwa koti la kijivu, la mahafali ya binti yake. Bi Pindo alikuwa amebakiza mabega. Ilikuwa siku njema: asubuhi alikuwa amepata wazo la kuweka kwenye duka lake la mchezo chumba cha kujaribia nguo chenye pazia jekundu, na tangu hapo mikono ilishona koti na moyo ulitundika pazia. Aliimba. Aliweka sponji ya kulia, akaweka ya kushoto, akafunga bitana kwa mshono mdogo usioonekana, akatandika kitambaa chenye maji na kuyapiga mabega pasi kali, kama kawaida yake, mpaka mvuke ukagonga ngazi. Mwalimu akaja, akalivaa, akasema bega la kushoto linamsukuma kidogo. Bi Pindo akamwambia ni koti jipya, litamzoea.

Jioni aliosha vyombo, akakaa mbele ya kompyuta, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni na kuuchomoa mfuko wa flashi. Akautazama. Haukuwa na mishono miwili. Haukuwa na mpasuko. Ilikuwa sponji ya bega, nzima, laini, isiyo na hatia, tumboni haina kitu.

Aligeuza aproni nje ndani. Kisha akakaa na sponji mapajani, na picha ya bega la kushoto la mwalimu wa udereva ikamjia polepole, kama mgeni anayepanda ngazi bila haraka kwa kuwa anajua atafika.

Alimpigia mwalimu simu. Ilikuwa imezimwa. Huzimwa tangu Ijumaa mchana mpaka Jumapili, kwa sababu hizo ndizo siku za masomo, na somo lake la kwanza ni kwamba dereva hagusi simu. Akampigia wifi.

Wifi alicheka. Alicheka mpaka simu ikawa inatoa sauti ya birika. Aliomba asimuliwe tena sehemu ya pasi. Alisema yeye michezo yake mia moja na arobaini, hata nyumba ikihamia mtoni, iko salama. Na yupo mwenzake aliyekataa duka na kuchagua ng'ombe, sasa ng'ombe kavaa koti. Kisha akasikia kwamba anacheka peke yake.

"Wifi?"

"Miaka miwili," Bi Pindo akasema. "Madirisha matatu, wifi. Hapa ninapokaa hata moja sina."

"Kesho saa mbili nakupitia," wifi akasema. "Uje na mkasi."

Uwanja wa mazoezi ulikuwa nyuma ya ghala la saruji. Walipofika, gari la shule ya udereva lilikuwa linazunguka matairi ya zamani yaliyopangwa duara, taratibu kiasi kwamba njiwa waliokuwa chini walilipisha kwa kutembea tu. Ndani ya dirisha la nyuma, kwenye ndoano, lilining'inia koti la kijivu. Kwenye usukani alikuwa mama mmoja muuza dawa, ameukamata kama anayebeba sinia la mayai. Mwalimu alikaa pembeni yake, mikono magotini, uso wa mtu aliyekwisha kuaga familia yake.

Bi Pindo na wifi yake walitembea sambamba na gari. Hawakulazimika kukimbia. Bi Pindo aligonga kioo, mwalimu akakishusha, wakasalimiana, wakaulizana za nyumbani.

"Mwalimu, simamisha kidogo. Koti lako lina mzigo wangu."

"Siwezi kusimamisha, fundi. Bado hajafundishwa." Akamtazama mwanafunzi wake kwa huruma. "Kusimama ni somo la Jumapili. Mzigo gani?"

"Duka."

Mwalimu alifikiri juu ya jibu hilo kwa nusu duara. Kisha akasema alijua tu kwamba bega lile lina jambo; mkewe alimwambia limeinuka kama la mtu anayesema sijui. Akafungua mlango wa nyuma kwa ndani, akawaomba waingie kwa zamu bila kumshtua dereva. Wifi aliingia wa kwanza, akamvuta Bi Pindo kwa mkono, viatu vyake vikiburuta vumbi. Muuza dawa hakugeuza shingo. Aliuliza tu, kwa sauti nyembamba, kama amemgonga mtu.

"Bado," mwalimu akasema. "Endelea hivyohivyo."

Na hivyo, akizungushwa kwenye duara la matairi, Bi Pindo alilaza koti magotini, akaingiza ncha ya mkasi kwenye bitana na kufumua mshono aliokuwa amejivunia jana yake. Wifi alishika kola. Kila walipopita penye shimo wote wanne waliinuka na kushuka pamoja. Mkono wa Bi Pindo ukaingia, ukapapasa, ukatoka na sponji yenye mishono miwili tumboni.

Akaifumua. Flashi ilitoka imekunjika kama pipi iliyosahauliwa juani. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, ikaingia kwenye sponji na kuganda, na lile bati la kuchomeka kwenye kompyuta lilikuwa limelala upande. Ilikuwa ni pasi yake. Alikuwa amelipiga pasi duka lake mwenyewe, kwa kitambaa chenye maji, akiimba.

Alimtazama wifi yake, akijiandaa. Na hapo likatokea lile ambalo miaka thelathini na moja ya sindano haikuwahi kulifanya: mdomo wa wifi ulifungwa. Wifi aliichukua flashi kwenye kiganja, akaifunika kwa kiganja kingine, kama anayemfunika kifaranga.

Bi Pindo akavuta pumzi. Akatoa ile sponji nzima mfukoni, akaiweka begani mahali pake, akatunga uzi gari likiwa linatembea, na kuifunga bitana upya. Mishono yote ilinyooka isipokuwa mmoja, wa pale penye shimo. Mwalimu alipolipokea koti lake alisema sasa bega linajua.

Walipokuwa wanarudi kwa miguu, wifi akasema inabidi wawaandikie dada na kaka. Bi Pindo alikataa. Mchezo wangemtumia tena, alijua, watu wenye kengele hawawezi kuwa wachoyo; lakini duka si lao, ni lake, nalo halipo tena popote. Na angewaambia nini, kwamba amelishonea mtu begani?

"Waambie hivyohivyo," wifi akasema. "Wacheke. Mtu akishacheka, kukataa kunamshinda."

Basi mchana ule walikaa sebuleni, wifi akipiga herufi na Bi Pindo akitaja maneno, na mumewe, aliyesikia kwamba safari hii hakufuta yeye, alileta chai bila kuombwa. Bi Pindo aliandikisha yote: sponji, pazia jekundu, mvuke, muuza dawa. Wifi alitaka kuongeza kwamba hayo yasingetokea kwenye duka kubwa. Bi Pindo akamwambia aongeze, ni kweli. Mwisho wakaandika: "Nilitaka kushika kitu mkononi, nikakishika sana. Naomba mchezo tu. Duka nitalianza upya na sindano moja, kama nilivyoanza maisha."

Jumapili asubuhi, Bi Pindo akiwa bado anasugua sufuria, mlango uligongwa kwa namna ambayo milango hugongwa kukiwa na moto. Alikuwa ni wifi, ametoka nyumba ya tatu kutoka hapo, kiatu kimoja cha kazini na kimoja cha bafuni, kompyuta yake ya mapajani imefunguliwa kifuani kama tarumbeta.

"Wifi," akasema, akihema. "Umeingia kwangu."

Ilikuwa hivi. Duka kubwa lilikuwa limefanya kazi yake: toleo jipya la mchezo lilijishusha lenyewe kwenye kompyuta ya wifi alfajiri. Wifi alifungua ili akae na mchezo huo kidogo, kwa heshima ya marehemu, duka la Bi Pindo. Mlango wa duka lake la mchezo ukafunguka, akaingia mwanamke mnene mfupi, tepu shingoni, sindano kwenye kola ya gauni, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja kama mtu aliyezoea dari ya mshazari. Juu yake palikuwa na maandishi: Fundi wa Chini ya Ngazi. Akaitazama cherehani ya wifi kwa muda mrefu. Kisha maneno yakatokea.

Bi Pindo aliyasoma mikono ikidondosha povu.

"Uzi umeruka mkono wa juu, mwanangu. Anza tena."

Na cherehani, walipoisogelea kwenye skrini, ilikuwa na mkono. Ulipanda, ukashuka, uzi umepita mahali pake, kitundu kwa kitundu, vilevile kama alivyochora kwa chaki. Usipoutunga hivyo sasa, mchezo ulikutapikia kiota cha ndege. Bi Pindo alikaa kwenye kiti kisicho chake. Alicheka, akaacha, akaanza tena. Akataka yule mwanamke aingie mara nyingine. Wifi akamwingiza. Mumewe alikuja kuangalia, akasema picha imemtoa mnene kidogo, akarudishwa jikoni.

"Wewe umekataa duka," wifi akasema, "na dukani ndiko ulikoonekana kwanza. Ungekuwa na akili ungenishukuru."

"Nakushukuru, wifi."

"Na mimi nina michezo mia moja na arobaini. Simo hata kwenye mmoja."

Barua ya dada ilikuwa imekwisha kufika. Hakuna aliyekumbuka kuitazama. Mumewe ndiye aliyeikuta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona asichokitambua na hakukifuta. Dada aliandika kwamba walisoma habari ya koti kwa zamu kwa sababu kila mmoja alishindwa kumaliza. Waliomba radhi kwamba walimweka Fundi wa Chini ya Ngazi bila kumwuliza. Walitaka kumshtukiza, na asipopenda watamwondoa siku hiyohiyo. Kiungo cha kupakua mchezo upya kilikuwa hapo chini. Na chini ya hapo palikuwa na kiungo kingine.

"Duka lako tunalo," barua ilisema. "Nakala uliyotutumia mwaka jana hatujawahi kuifuta. Kila tunachobadilisha kwenye mchezo tunakijaribu kwanza ndani ya duka lako, kwa sababu ndilo zuri kuliko yote, hata letu. Mkono wa cherehani ulianza kupanda na kushuka kwako. Tumelifagia, tukalifunga mlango. Ufunguo huu hapa."

Bi Pindo hakuzunguka sebule akipiga makofi. Alisimama tu, akakaa, akasimama. Wifi ndiye aliyezunguka, kiatu kimoja kikigonga sakafu na kingine kikilia pwata pwata, akimwimbia kaka yake, mume wa Bi Pindo, aliyebaki mlangoni na birika.

Walilifungua duka pamoja. Meza ndefu ilikuwepo. Rola za vitambaa zilikuwepo, kutoka maziwa hadi lami. Madirisha yalikuwa mawili, maana la tatu aliliweka mwezi uliopita tu, na mafundi walikuwa wanne, wakimtazama kana kwamba alitoka mara moja kununua vifungo. Bi Pindo alisema dirisha atalitoboa tena, ukuta upo. Kisha mlango ukafunguka, akaingia Fundi wa Chini ya Ngazi, tepu shingoni. Bi Pindo alijikuta ananyoosha gauni lake. Yule fundi alizunguka, akakagua cherehani zote nne, na hakusema kitu kuhusu uzi. Alinunua kifungo kimoja na kuomba apunguziwe. Bi Pindo, ambaye hajawahi kumpunguzia mtu tangu afungue kibanda, alimpunguzia.

Upande wa pili wa meza, wifi alikuwa amezama kwenye kompyuta yake na hakutaka kutazamwa. Alikuwa anawaandikia dada na kaka malalamiko. Aliwaambia kwamba kwenye mchezo wao watu wanapimwa, wanavaa, wanapendeza, wanacheka, lakini hakuna hata mmoja mwenye jino bovu, wala kliniki, wala mpokeaji wagonjwa wa kuwapangia foleni, na hilo si jambo la kweli. Alijieleza kwa kirefu alivyo, umbo na sauti, endapo watahitaji. Akatuma. Kisha akauma kidole.

"Hivi mtu akinunua dukani," akauliza, kama anayeuliza hali ya hewa, "ile kengele haipigwi?"

"Haipigwi."

"Hata kidogo?"

"Watajuaje, wifi?"

Wifi alinyamaza, ikawa mara ya pili katika siku mbili. Halafu, malkia wa punguzo, mwenye michezo mia moja na arobaini, kumi na mmoja tu ikiwa imefunguliwa, akaingia kwenye tovuti ya dada na kaka, akalipa bei nzima isiyopunguzwa hata senti, akanunua mchezo aliokuwa nao tayari. Akakunja mikono, akakaa akisubiri mbele ya skrini, mguu wenye kiatu cha bafuni ukitikisika.

Barua ilikuja chai haijapoa. Aliisoma kimya, akaisogeza kwa Bi Pindo.

"Wewe ni wa arobaini na moja," ilisema. "Kaka ameshaipiga."

"Haya," Bi Pindo akasema. "Umefurahi?"

Wifi aliivuta kompyuta kwake akaisoma tena, midomo ikimchezacheza.

"Waulize," akasema, "kama ameipiga kwa nguvu."